Picha Isiyo na Tembo

Mtalii anayepita Mwanza kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka akinunua picha ya tembo hana kosa; tembo ndiye aliyemtoa kwao. Shida inaanza pale mtalii huyo anapokuwa mnunuzi pekee. Mchoraji kijana wa Kirumba, hapo hapo Mwanza, atachora tembo na twiga mpaka mkono uote sugu, huku mawe ya Bismarck, mashua, na karabai za wavuvi wa dagaa zinazowaka ziwani usiku vikibaki bila mchoraji. Anayenunua kwanza ndiye anayeamua, kwa kiasi kikubwa, nini kitachorwa. Kwa hiyo mkazi wa kanda ya ziwa mwenye uwezo ana sababu nzuri ya kununua kazi halisi za vijana wakati bado hawajapata jina.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa mnunuzi kuamua kinachochorwa ni wa Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa huyu wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za dukani za kupaka baiskeli, juu ya hadibodi. Ubao wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na mraba huo ukawa kama sahihi ya mtindo wake. Wateja wake wakubwa walikuwa wageni waliokaa Oysterbay. Alipofariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, wanafunzi wake waliendeleza kazi na baadaye wakaunda ushirika. Mtindo huo umelisha familia nyingi, na hilo ni la kheri. Lakini ingia duka lolote la vinyago: chui yuleyule, ndege walewale, bei kwa ukubwa wa kipande. Wachoraji hawakukosa kipaji. Soko liliwaomba marudio, wakayatoa.

Sasa mtazame mchoraji Sungi Mlengeya, aliyezaliwa mwaka 1991 na kuacha kazi ya benki mwaka 2018 ili achore. Wanawake wake weusi husimama juu ya weupe mtupu, nguo na mandhari vikiyeyukia humo humo. Hakuna mnyama hata mmoja. Jumba la sanaa lililomtangaza ni Afriart, nalo liko Kampala, yaani ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Nairobi nako kuna jumba la Circle Art, lililoanzisha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki mwaka 2013, na Dar es Salaam ina kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space tangu 2008. Mwanza nayo haikosi ushahidi kwamba mwagizaji wa karibu huzaa sanaa ya karibu: pale Bujora, Kisesa, Padri David Clement alipotaka kanisa na makumbusho ya Wasukuma, hakuletewa nakala za Ulaya. Banda moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Wapo watakaosema sanaa ni anasa na ada za watoto hazijalipwa. Kwa mwenye hali hiyo, ni kweli, na hoja hii haimhusu. Inawahusu wenye hoteli, kliniki na ofisi, na wanaojenga Capri Point na Buswelu, ambao tayari wananunua kitu cha kutundika: mara nyingi picha ya maporomoko ya maji iliyochapwa kwa mashine. Kuitambua hiyo si kazi. Mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni: rangi ya mkono mara nyingi ina mabonde na matuta, ya mashine kwa kawaida imelala sare. Kisha geuza nyuma utafute jina, mwaka na anwani ya kazi. Omba karatasi yenye sahihi ya msanii, na utunze ujumbe wa malipo. Ujue pia kwamba picha ni yako lakini haki ya kuinakili si yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inambakishia msanii haki hiyo, kwa hiyo usiichape kwenye kalenda ya kampuni bila idhini yake.

Je, thamani itapanda? Nyingi hazitapanda, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia ndoto. Nunua unayoweza kuishi nayo ukutani miaka 20. Mwombe msanii akuonyeshe kazi zake kumi, si moja, maana katika kumi ndipo utaona kama ana jicho lake au anaazima la mwenzake. Kupatana bei hakuna ubaya, ila si kwa futi kama kitambaa cha sokoni Makoroboi. Afadhali kuomba kulipa kidogo kidogo. Na ukiagiza kazi mpya, usimtumie picha ya mtandaoni ili ainakili. Mpe fedha ya kanvasi na rangi, mwambie ukuta una upana gani, halafu usimsimamie.