Kutoka Mau Hadi Musoma: Bonde la Mto Mara na Mita Sita za Ukingo

Maji ya mto Nyangores yanayopita mjini Bomet hayaishii Maasai Mara, ingawa wengi hudhani hivyo. Yakishaungana na yale ya mto Amala na kuitwa Mara, hupita katika hifadhi hiyo, huvuka mpaka na kuingia Serengeti nchini Tanzania, kisha hutambaa katika vinamasi vya Mkoa wa Mara na kumwagika katika Ziwa Victoria karibu na mji wa Musoma. Ziwa nalo hutoa maji yake Jinja, nchini Uganda, kwa jina la Nile. Kwa hiyo mkulima wa Silibwet anatumia mto mmoja na mvuvi wa Musoma, na wote wawili ni wakazi wa bonde la Nile, ambalo limegawanywa kati ya nchi 11.

Neno bonde hapa lisieleweke vibaya. Bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huteremkia mto huo. Mtu anaweza kuishi mlimani, kilomita kadhaa kutoka ukingoni, na bado akawa ndani ya bonde. Bonde la Mara lina ukubwa wa takriban kilomita 13,750 za mraba. Karibu asilimia 65 iko Kenya na asilimia 35 iko Tanzania. Mto wenyewe, kuanzia chemchemi zake katika msitu wa Mau hadi ziwani, una urefu wa takriban kilomita 395.

Upande wa juu una mvua nyingi, chai, mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Kadiri mto unavyoteremka kuelekea Narok, nchi inazidi kuwa kavu. Mito ya huko chini, kama Talek na Sand River, hufurika mvua inaponyesha na kubaki na maji kidogo mno, au kukauka kabisa, wakati wa kiangazi. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili: kiangazi kikikolea, karibu maji yote yanayoonekana katika mto Mara yanatoka Mau, kupitia Nyangores na Amala. Katika mbuga zote za Maasai Mara na Serengeti, Mara ndio mto pekee usiokauka. Nyumbu zaidi ya milioni moja huufuata kila mwaka, na watalii huwafuata nyumbu. Mto huo ukikauka mwezi mmoja tu wa ukame, hakuna mto mwingine wa karibu wa kuwanusuru.

Kwa nini basi watu wa juu wanaona mto ukijaa kupita kiasi mwezi wa Aprili na kuwa kijito mwezi wa Februari? Jibu liko ardhini. Katika msitu, mvua hupokewa na majani, huanguka polepole juu ya majani yaliyooza, kisha huzama. Maji hayo hukaa chini ya ardhi kwa wiki na miezi, yakitoka kidogo kidogo kupitia chemchemi. Hayo ndiyo maji ya kiangazi. Msitu ukiondolewa na ardhi ikaachwa tupu au ikakanyagwa na mifugo hadi ikashikana, mvua ileile hukimbilia mtoni siku hiyohiyo. Mwisho wa mwaka kiasi cha maji kilichopita huenda kisitofautiane sana. Kilichobadilika ni wakati wake: mengi yamepita kama mafuriko, na machache yamebaki ya kunywa Februari. Wazee wanaosema kwamba mvua ni ileile lakini mto si uleule wana sababu ya kusema hivyo.

Kikosi kazi cha serikali kuhusu msitu wa Mau kilieleza mwaka 2009 kwamba takriban hekta 107,000, karibu robo ya msitu wote, zilikuwa zimepotea katika muda wa miaka 15 hivi kwa kugawanywa na kuvamiwa. Si msitu wote huo unaolisha mto Mara, kwa kuwa Mau ni chanzo cha mito mingi, ukiwemo Sondu na Ewaso Ng'iro Kusini. Hata hivyo sehemu ya Mara iliguswa.

Maji yanayokimbia hubeba udongo. Wanaochota Nyangores baada ya mvua kubwa wanaijua rangi yake. Udongo huo ni mbolea na tabaka la juu la shamba la mtu fulani. Hutua pale mto unapopungua kasi, hasa katika kinamasi kikubwa kilicho karibu na Musoma. Kinamasi hicho kimepanuka tangu miaka ya 1970, na watafiti hutaja udongo unaoshuka kutoka juu kuwa moja ya sababu.

Mto unaovuka mpaka hauwezi kusimamiwa na kaunti moja. Katiba ya 2010 iliacha matumizi ya maji ya kimataifa mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti zimepewa kazi ya kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji pamoja na misitu. Kwa ufupi, mazungumzo na Tanzania hufanyika Nairobi, Dodoma na Kisumu, ilipo makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini matuta ya kuzuia mmomonyoko huchimbwa Bomet, na Dodoma haiwezi kuyachimba.

Mkataba mkuu ni itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini mwaka 2003. Pamoja na mengine, inazitaka nchi wanachama kuarifiana mapema zinapopanga miradi inayoweza kuathiri majirani. Umuhimu wake unaonekana katika pendekezo la miaka mingi la kuelekeza sehemu ya maji ya Amala katika Ewaso Ng'iro Kusini ili kuzalisha umeme. Ewaso Ng'iro haiendi Ziwa Victoria, huishia Ziwa Natron. Maji yakishahamishiwa huko yametoka katika bonde la Mara moja kwa moja, na walio chini hawayaoni tena. Jambo la namna hiyo haliwezi kuamuliwa na upande mmoja. Tangu 2012 nchi hizi mbili pia huadhimisha Siku ya Mara kila Septemba 15, zikipokezana uenyeji.

Kwa mkazi wa kawaida, sheria inayomgusa zaidi ni ile ya ukingo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza kulima au kujenga kando ya mto katika eneo lenye upana sawa na wa mto wenyewe, lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, likipimwa kuanzia alama ya juu kabisa ya mafuriko. Wengi hupima kutoka pale maji yalipo Januari, na ndipo ugomvi huanza. Kuwa na hati miliki hakuondoi katazo hilo, na katazo hilo halimnyang'anyi mtu shamba. Ardhi inabaki yake, lakini jembe halifiki hapo. Mianzi na miti ya asili inaruhusiwa, na huushika ukingo vizuri. Mikaratusi haifai karibu na chemchemi, kwa kuwa inakunywa maji mengi. Nyasi za nepia zinafaa zaidi kwenye matuta ya shamba, juu ya eneo hilo, ambapo hulisha ng'ombe na kuzuia udongo kwa pamoja.

Kuhusu kibali, Sheria ya Maji ya 2016 haimdai kibali anayechota maji ya nyumbani kwa ndoo au mtungi bila mitambo. Anayetumia pampu kumwagilia, au anayetaka kujenga kizuizi mtoni, anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Jumuiya za watumiaji maji zilizo katika vijito mbalimbali hupokea wanachama kutoka pande zote mbili za ukingo na husaidia kutatua migogoro kabla haijafika kortini. Anayetaka kujiunga, au anayetaka alama ya mafuriko ionyeshwe katika shamba lake kabla ya mvua ya Machi, aanze kwa chifu au afisa wa kilimo wa wadi yake.