Chumvi ya Bahari Haikubebi

Kila Juni inapokaribia, na tena Desemba shule zinapofungwa, swali ni lile lile. Ananiuliza mwalimu anayepanga safari ya wenzake kwenda Unguja, bwana harusi anayetaka kumpeleka mkewe Nungwi, na mama wa kikoba ambaye kikundi chake kimeshachanga nauli yote: "Mwalimu, sisi kuogelea hatujui, lakini si baharini mtu anaelea mwenyewe kwa sababu ya chumvi?"

Haelei mwenyewe. Nafundisha kuogelea na uokoaji wa majini, na nimelijibu swali hili kandokando ya bwawa, stendi, msibani, hata kwenye simu usiku wa kuamkia safari. Bado linarudi. Na sasa linarudi mara nyingi zaidi, kwa sababu tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 bahari imetusogelea: mtu anatoka Singida alfajiri kwa basi, anashika treni Dodoma, analala Dar, na asubuhi yuko kwenye boti ya Unguja. Safari ni nzuri na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni mtu kushuka kwenye boti akiwa ameikabidhi roho yake kwa chumvi.

Sisi wa Singida tuna sababu ya kuiamini hadithi hii kuliko watu wa Iringa au Njombe. Tumekulia kando ya maji ya chumvi. Ziwa Singida na Ziwa Kindai hayana mto wa kuyatoa maji yake, kwa hiyo yanayoingia hubaki hapo hapo yakikaushwa na jua, na chumvi inabaki nyuma. Wengi wetu tuliingia humo utotoni tukatoka salama, tukahitimisha kwamba maji yale yalitubeba. Hayakutubeba. Tulisimama. Kingo za maziwa yale ni za maji mafupi mno. Ndiyo maana flamingo wanatembea humo mchana kutwa, na miguu yao inagusa tope. Mtoto aliyeingia mpaka kiunoni hajajifunza lolote kuhusu kuelea.

Chanzo cha pili ni picha. Mahujaji wanaokwenda Nchi Takatifu hurudi na picha wamelala chali juu ya Bahari ya Chumvi, vidole vya miguu vikiwa juu, wengine wakisoma gazeti. Picha ni za kweli. Ila maji yale yana chumvi kiasi cha gramu 340 kwa lita, wakati bahari yetu ya Hindi ina gramu 35 hivi. Tofauti ni karibu mara kumi. Na hata huko, kwenye maji mazito kiasi hicho, watu hufa: mtu akigeuka kifudifudi anashindwa kujipindua, anayameza, na mapafu yanaharibika. Anayeichukua picha ile kama ushahidi wa Nungwi amelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Tuhesabu basi, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025. Mtu wa kilo 70 anachukua nafasi ya lita 70 hivi ndani ya maji, pungufu au zaidi kidogo. Maji matamu yatamsukuma juu kwa kilo 70, maji ya bahari kwa kilo 71 na robo tatu. Msaada wote wa chumvi, kwa mtu mzima, ni kilo moja na robo tatu. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, ifunge kifuniko vizuri, ikumbatie kifuani: umepata karibu msaada ule ule. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuniambia, "Mwalimu, kuogelea sijui, lakini nina chupa yangu ya Kilimanjaro, naruka kwenye kina." Ila kwa chumvi wanasema hivyo kila mwaka.

Linganisha sasa na vitu vinavyoamua kweli nani anaelea na nani anazama. Cha kwanza ni pumzi. Ukivuta hewa mpaka mwisho, kisha ukaitoa mpaka mwisho, unakuwa umebadilisha ukubwa wa mwili wako kwa lita 3 au 4. Hizo ni kilo 3 au 4 za kubebwa, mara mbili ya chumvi yote ya bahari, na zinapotea kwa kelele moja ndefu ya "jamani nakufa!" Cha pili ni mikono. Kiungo kilicho ndani ya maji kinabebwa na maji. Ukikitoa nje, uzito wake wote unakuangukia wewe. Mkono mmoja wa mtu wa kilo 70 una kilo tatu na nusu hivi. Asiyejua kuogelea akishtuka hurusha mikono yote miwili juu, maana ndivyo mwili unavyomtuma, na papo hapo anajitwisha kilo 7. Chumvi inampa moja na robo tatu. Mwenye kujua hesabu amalizie mwenyewe.

Kwa hiyo yule anayesema "mimi nilishaelea Bagamoyo" huenda anasema kweli. Alikuwa ametulia, amejaza mapafu, maji yamemfika kifuani, na rafiki yake amesimama pembeni. Kilichombeba ni hewa na utulivu. Akipigwa na wimbi la kwanza usoni, vyote viwili vinaondoka kwa pamoja, na chumvi inabaki vile vile bila msaada wowote.

Wanaobisha huniletea hoja ya yai. Kila aliyepita sekondari ameshaona yai likielea kwenye maji ya chumvi, na kwa hilo wanaona wamenishinda. Haya, tulifanye jaribio hilo vizuri. Tafuta yai bichi la leo, la kuku wa kienyeji, ambaye Singida hatafutwi mbali. Pima lita moja kamili ya maji kwenye bakuli la kioo au jagi linaloonesha ndani. Tia vijiko viwili vya chakula vya chumvi, visawazishwe kwa kisu, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Hiyo ndiyo bahari: gramu 35 hivi. Tumbukiza yai taratibu kwa kijiko. Linashuka mpaka chini na kulala hapo. Tia kijiko cha tatu, koroga, linalala. Cha nne, linalala. Kwenye cha tano huenda ukaliona linaanza kusimama, upande wake mnene ukiwa juu, bado limegusa chini. Linainuka na kuelea mahali fulani kati ya kijiko cha sita na cha nane, wakati maji yameshakuwa machungu ya kutemwa. Jaribio la shuleni halikudanganya mtu. Mwalimu alimwaga chumvi mpaka yai likatii, na hakuna aliyehesabu vijiko. (Likielea mapema, badilisha yai. Lililokaa siku nyingi lina hewa ndani, na hilo linaelea hata kwenye maji ya bomba.) Nawasihi walimu wa sayansi wanaopeleka watoto Zanzibar walifanye jaribio hili mbele ya watoto hao kabla ya safari.

Na kama bakuli halitoshi, ipo historia yetu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, mbele ya Nungwi, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, na wengi zaidi hawakuonekana. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar. Yale yalikuwa maji ya chumvi, ya bahari hii hii ambayo mtu ananiambia inabeba. Waliokaa juu ya maji walikaa kwa kushika kitu: godoro, ubao, boya. Ninapowataja marehemu wale sifanyi hivyo kumtisha mtu asisafiri. Nawataja kwa sababu baada ya misiba ile yote miwili, bado nakutana na mtu aliyelivua jaketi lake la kuokolea maisha ndani ya mashua ya Kizimkazi, akalikalia kama mto, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba huku siyo Ziwa Victoria. Hapo uvumilivu wangu unaisha. Jaketi la mtu mzima la kiwango cha nyutoni 100 linakubeba kwa kilo 10 hivi na linakuinulia uso. Umelivua kwa ajili ya kilo moja na robo tatu.

Ubaya mwingine wa imani hii ni kwamba inamfanya mtu asiulize kuhusu hatari nyingine inayomkabili mgeni katika visiwa vile, nayo ni maji kujaa. Maziwa yetu hayajai wala hayapwi. Usawa wake unabadilika kwa msimu, masika na kiangazi. Bahari inabadilika mbele ya macho yako. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa huacha uwanja wa mchanga na mashamba ya mwani unaokwenda kilomita nzima na zaidi kuelekea kwenye mwamba. Ni mahali pazuri mno pa kutembea, na mgeni anakwenda: anapiga picha, anaokota kombe, anafika mbali. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kufika mita 4, na maji yanapanda hivyo kwa saa sita na dakika chache. Hayapandi sawasawa. Mwanzo yanakwenda polepole, mtu anaona kuna nafasi. Saa mbili za katikati peke yake huleta nusu ya kina chote, yaani mita 2, kupita urefu wa mtu. Tena hayaanzi kukujia usoni. Yanaingia kwanza kwenye mabonde na vijito vilivyo nyuma yako, kati yako na ufuko. Ukigeuka unakuta njia uliyojia kwa miguu imekuwa mto. Wanawake wanaolima mwani hapo hutoka kwa pamoja, na anayewaona wanatoka halafu yeye akabaki kupiga picha amekataa kumsikiliza mtaalamu wa bure.

Sasa yanayotakiwa kufanywa, kwa haraka, maana nafasi imebaki ndogo.

Jifunze kuogelea kabla ya kwenda, kwenye bwawa lenye mwalimu. Ukiwa na mwezi mmoja tu, sahau mitindo. Jifunze kulala chali, masikio ndani ya maji, mapafu yamejaa, mikono ndani. Hilo mtu mzima wa umri wowote analiweza. Mwanamke anayezuiwa na mavazi ajue kwamba Nungwi kwenyewe mradi wa Panje umefundisha wasichana wa Kizanzibari wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na wameogelea.

Kwenye chombo chochote, vaa jaketi kabla nanga haijang'olewa na ufunge kamba zote, ya kati ya miguu pia kama ipo. La mtoto liwe la mtoto. Chombo kisicho na jaketi kwa kila kichwa, shuka, hata kama umeshalipa. Ukienda kuangalia samaki Mnemba au pomboo Kizimkazi, miwani ya maji na jaketi huvaliwa pamoja; anayekwambia jaketi linazuia kuona samaki, mwambie samaki wa karibu wanatosha. Usiruke majini injini ikiunguruma. Fungu la mchanga la Nakupenda hufunikwa maji yakijaa, kwa hiyo kubaliana na nahodha saa ya kurudi kabla hamjashuka. Kabla ya kutembea kuelekea mwambani, muulize mtu wa pale maji yanajaa saa ngapi, kisha geuka kabla hayajaanza. Saa ya jana siyo ya leo. Inasogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Miezi ya kusi, ambayo ndiyo likizo yetu ya Juni na Julai, tegemea bahari chafu zaidi, upande wa mashariki na kusini hasa.

Mkondo ukikuchukua, usishindane nao. Lala chali, pumua, kata kwa upande, na inua mkono mmoja pale tu unapomwona mtu. Ukimwona mwenzako anazama usimfuate kama huna mafunzo, kwa sababu atakupanda. Mrushie dumu tupu lililofungwa: la lita 5 linabeba karibu kilo 5, la lita 20 linawabeba wawili. Ujue pia kwamba anayezama kwa kawaida hapigi kelele, maana mdomo wake uko chini ya maji nusu ya muda. Mtoto awe mahali ambapo mkono wako unamfikia, na simu iwe mfukoni.

Akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo. Hayo hupoteza dakika na kumrudishia matapishi mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mpaka uone kifua kinapanda, halafu kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, 30, 2, bila kuacha, huku mwingine akipiga 112. Akizinduka, hospitali ni lazima siku hiyo hiyo, hata akisema yuko salama na anataka kurudi hotelini.