Mtoto wa Buziga na Wapangaji wa New York

Habari zilipofika Kampala, Novemba 2025, kwamba mzaliwa wa jiji hilo amechaguliwa kuwa meya wa New York, kila mtu alimdai kwa upande wake. Waganda walisema ni mwenzao, Waislamu wakasema ni wao, Waasia wa Afrika Mashariki nao wakakumbushana majina ya babu zake. Katika shangwe hiyo ilisahaulika kirahisi kwamba Zohran Kwame Mamdani hakuingia kwenye siasa kwa mlango wa uwakili au wa biashara, milango iliyozoeleka na wanasiasa wengi wa Marekani. Aliingia akitokea kwenye kazi ya kusoma barua za benki pamoja na watu waliokuwa karibu kupoteza nyumba zao.

Kazi yenyewe haina fahari. Katika wilaya ya Queens, New York, kuna shirika liitwalo Chhaya, ambako Mamdani alifanya kazi, linalowahudumia zaidi wahamiaji wa kipato cha chini wenye asili ya Asia Kusini. Mtu amenunua nyumba kwa mkopo, nyumba hiyohiyo ikawa rehani. Mapato yakiyumba, marejesho ya miezi kadhaa yakipita bila kulipwa, benki huanza kesi, na mwisho wa kesi ni mnada. Mshauri wa nyumba hukaa katikati: hupanga hesabu za familia, huandika maombi ya kupunguziwa riba au kuongezewa muda, hupiga simu benki na kusubiri, kisha hupiga tena. Wateja wengine Kiingereza kinawapiga chenga, na barua za benki hazikuandikwa kwa ajili yao. Mamdani ameeleza mara nyingi kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomsukuma kugombea. Aliona kwamba shida ya makazi haiji kama kiangazi. Kuna watu walioketi wakaamua iwe hivyo.

Kwa familia ya Mamdani, amri ya kumtoa mtu nyumbani kwake si jambo la kusoma kwenye magazeti tu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Baba yake Zohran, Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala, alijikuta kwenye kambi ya wakimbizi London, na mwaka 1973 akachapisha kitabu juu ya mkasa huo, From Citizen to Refugee. Nyumba na maduka yaliyoachwa yaliwekwa chini ya bodi ya serikali ya kudhamini mali za Waasia walioondoka. Zaidi ya miaka 45 baadaye, mwaka 2019, kamati ya Bunge la Uganda ilikuwa bado inachunguza nani amejimilikisha jengo gani.

Mahmood hakubaki Ulaya. Kuanzia 1973 hadi 1979 alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi ambapo Mlimani palikuwa panafuka moshi kwa mijadala ya tabaka na ubeberu, na majina ya Walter Rodney, Issa Shivji na Dani Nabudere hayakosi kutajwa. Amin alipoanguka alirejea Uganda na kufundisha Makerere, na miaka ya 1980 serikali ya Rais Milton Obote ikamvua uraia kwa sababu ya ukosoaji wake. Mwaka 1989 mtengenezaji filamu kutoka India, Mira Nair, alifika kufanya utafiti wa filamu yake Mississippi Masala, inayohusu familia ya Kiasia iliyofukuzwa Kampala. Akakutana na profesa huyo. Zohran alizaliwa Kampala tarehe 18 Oktoba 1991, akapewa jina la kati la Kwame kwa heshima ya Kwame Nkrumah wa Ghana. Aliishi Uganda utoto wake wa mwanzo, kisha Cape Town, na akiwa na miaka saba familia ikahamia New York.

Basi siasa za mrengo wa kushoto hakwenda kuzitafuta mbali, alizikuta nyumbani. Ila itakuwa uvivu kusema amerithi tu. Baba yake aliandika vitabu. Mtoto alichagua kubisha hodi kwenye milango ya watu, kazi ambayo maprofesa wengi hawaiwezi.

Kabla ya hapo alijaribu muziki, na sehemu hii Kampala inaijua kuliko New York. Kwa jina la Young Cardamom, akishirikiana na rafiki yake HAB, alitoa mwaka 2016 mkusanyiko wa nyimbo ulioitwa Sidda Mukyaalo, Kiganda cha kusema “sirudi kijijini”. Walikuwa na wimbo wa chapati, na mwingine ulioingia kwenye filamu ya mama yake, Queen of Katwe. Nyimbo hazikumpa utajiri wala umaarufu mkubwa, na mwenyewe huzifanyia mzaha. Hata hivyo, atakayetazama video zake za kampeni za mwaka 2025, alivyotembea barabarani akiuliza bei ya wali na nyama kwa wachuuzi, atagundua kuwa kijana alijifunza mapema namna ya kusimama mbele ya kamera bila kuonekana anahutubia.

Siasa zenyewe alizisomea kwa miguu. Mwaka 2017 alifanya kazi kwenye kampeni ya mchungaji mwenye asili ya Palestina aliyegombea udiwani wa jiji, Khader El-Yateem. Mwaka 2018 aliongoza kampeni ya mwandishi Ross Barkan. Wote wawili walishindwa. Wakati huo alikuwa amejiunga na Democratic Socialists of America, jumuiya ya wasoshalisti ambayo si chama kamili cha uchaguzi. Wanachama wake hugombea ndani ya chama cha Democratic, na nguvu yao ni watu wa kujitolea, si mifuko ya matajiri. Mwaka 2020, akiwa na miaka 28, alimwangusha Aravella Simotas kwenye kura ya mchujo ya ubunge wa jimbo la New York, eneo la Astoria. Tofauti haikufika kura 500.

Akiwa mbunge, tukio lililomtambulisha halikuwa hotuba. Madereva wa teksi, wengi wao wahamiaji, walikuwa wamenunua vibali vya teksi kwa mikopo mikubwa wakati kibali kimoja kilipouzwa hata zaidi ya dola milioni moja. Bei ikaporomoka, deni likabaki palepale. Oktoba 2021 madereva waligoma kula mbele ya ukumbi wa jiji, na Mamdani akagoma pamoja nao kwa siku 15. Novemba mwaka huo makubaliano yalifikiwa: mikopo mingi ikapunguzwa hadi dola 170,000, na jiji likawa mdhamini. Ukilitazama vizuri, lilikuwa jambo lilelile la Chhaya kwa sura nyingine: mtu wa kawaida, karatasi ya deni, na swali la nani abebe hasara.

Alipotangaza kugombea umeya, Oktoba 2024, wachache walimhesabu. Ahadi yake kubwa ilikuwa ya wapangaji. Tarehe 1 Januari 2025 alijitosa kwenye maji ya barafu ya bahari ya Coney Island akiwa amevaa suti na tai, ili atangaze kwamba atagandisha kodi za nyumba. Kichekesho, ndiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na hesabu. New York ina takribani nyumba milioni moja ambazo kodi yake haipandishwi kiholela na mwenye nyumba. Kila mwaka bodi ya watu tisa huamua ipande kwa asilimia ngapi: wawili wanawakilisha wapangaji, wawili wenye nyumba, watano umma. Meya hawezi kuandika kiwango hicho kwa kalamu yake, ila ndiye anayewateua wote tisa, na chini ya meya wa zamani Bill de Blasio bodi iliwahi kuamua isipande kabisa kwa mikataba ya mwaka mmoja, mara tatu. Kwa hiyo Mamdani hakuahidi muujiza. Aliahidi kutumia mamlaka yaliyokuwapo.

Wapinzani wake walikuwa na hoja. Wenye majengo ya zamani husema kodi ikisimama huku bei ya mafuta, bima na mafundi ikipanda, ukarabati ndio unaokufa kwanza, na wachumi wengi wanakubaliana nao kwa kiasi fulani. Andrew Cuomo, gavana wa zamani, alimshambulia kwa jambo la karibu zaidi: mbunge mwenye mshahara wa dola 142,000 kwa mwaka alikuwa anaishi kwenye nyumba ya kodi iliyodhibitiwa, dola 2,300 kwa mwezi. Shambulio lilikuwa na makali, na ukiongeza sherehe ya harusi yake na Rama Duwaji iliyofanyika Buziga Julai 2025, kwenye kilima cha wenye nazo jijini Kampala, picha ya mtetezi wa wanyonge inapata doa. Wapiga kura wa New York, inaelekea, walilipima doa hilo na kuona kodi yao ni nzito zaidi. Alimshinda Cuomo mwezi Juni kwenye mchujo, kisha tena tarehe 4 Novemba, kwa kura zaidi ya milioni moja, nusu ya zote zilizopigwa na ziada kidogo.

Aliapishwa tarehe 1 Januari 2026. Siku hiyohiyo alifufua ofisi ya meya ya kuwalinda wapangaji na kumkabidhi Cea Weaver, mwanaharakati aliyepigania sheria za kodi kwa miaka. Ahadi ya kujenga nyumba 200,000 kwa miaka kumi ni mlima mwingine, maana fedha na ruhusa ya kukopa vinategemea pia wabunge wa jimbo kule Albany.

Kampala nayo ina historia yake ya nyumba na siasa. Julai 2011 wapangaji 1,747 wa nyumba za Naguru na Nakawa, zilizojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, waliondolewa na nyumba zikabomolewa kupisha mji mpya wa kisasa wa kampuni ya Opec Prime Properties. Mji huo haukujengwa kama ulivyoahidiwa. Mwaka huohuo mwanasheria Erias Lukwago, aliyejipatia jina kwa kuwatetea wachuuzi wa masoko, alichaguliwa kuwa Meya Mkuu. Lakini sheria mpya ya jiji ilikuwa imeshahamishia mamlaka ya utendaji kwa Mkurugenzi wa KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, anayeteuliwa na Rais, na tarehe 25 Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumng'oa. Alirudi kwa kura za wananchi mwaka 2016, mamlaka yakiwa yaleyale.

Kodi za nyumba nchini Uganda zinaongozwa na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Kisheria, kodi haitakiwi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji hafukuzwi bila amri ya mahakama. Watu wanaoishi kwenye vyumba vya kupanga viitwavyo “mizigo” katika mitaa ya Bwaise, Katanga na Kisenyi wanajua umbali uliopo kati ya sheria hiyo na mlango wa chumba. Kikomo kile kiliwekwa na Bunge, na Meya Mkuu hana bodi ya kuteua wala kiwango cha kugandisha. Mwanaharakati wa Kampala anayetaka kupita njia ya Mamdani angefanya vyema kuutazama kwanza uchaguzi wa wabunge, maana huko ndiko asilimia hupangwa.