Je, Wajua? Paka Anapotokwa na Udenda

Je, wajua kwamba paka anayetokwa na udenda kutwa nzima mara nyingi anaumwa mdomoni? Akikunwa shingo akaridhika, mate kidogo hayana neno. Lakini kidevu kikishinda kimelowa, pumzi ikanuka, naye akawa anausogelea mnofu kisha anauacha, huenda fizi zimevimba, jino limeoza au mwiba umemkwama.

Mjini Lamu, ambako paka huwangoja wapara samaki, mwiba ni wa kushukiwa mapema. Hatari kubwa zaidi ni samaki aitwaye bunju. Sumu yake hukaa hasa kwenye ini na mayai, na haina dawa ya kuivunja. Paka aliyeila hutokwa na mate, hutapika, kisha miguu humlegea. Wavuvi, tafadhali, matumbo ya bunju yafukieni, msiyatupe ufukweni.

Mwahishe paka kwa daktari wa mifugo. Usimpe paracetamol hata kidogo: kidonge kimoja tu chaweza kumuua.

Udenda ukija pamoja na ukali wa ghafla au taya iliyolegea, usimtie mkono mdomoni kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya imepanga kukomesha vifo vyake kwa binadamu ifikapo 2030. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe, hata kama kidonda ni kidogo.