Kwa nini lori zito huvuta upande mmoja?

Dereva wa lori anayetoka katikati ya Birmingham, akapita Kings Heath kuelekea barabara kuu ya M42, huendesha upande wa kushoto, sawa na mwenzake anayetoka Dar es Salaam au Mombasa.

Wote wawili hukabiliwa na swali moja: usukani unapovuta kushoto, kosa ni la barabara au la lori?

Jibu lina uzito. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele inayogeuzwa na usukani inaruhusiwa kubeba hadi tani 8. Hitilafu ndogo hapo yaweza kulitoa lori barabarani.

Mwinamo wa barabara

Barabara nyingi huinuliwa kidogo katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Hivyo lori linalopita kushoto huelemea kushoto na kuvutwa taratibu ukingoni. Hilo ni jambo la kawaida.

Dereva wa Afrika Mashariki ana kipimo cha ziada. Akivuka daraja la Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda, huhamia upande wa kulia, na mwinamo nao hubadilika.

Lori likianza kuvuta kulia, sababu ni barabara. Likizidi kuvuta kushoto, ugonjwa umo ndani ya lori lenyewe. Dereva wa Birmingham hana budi kutafuta uwanja ulio sawa.

Springi na kingipini

Malori mengi hutumia ekseli moja nzima mbele, iliyofungwa kwenye springi za mabamba. Kwa kawaida ncha ya mbele ya springi hukazwa, na ya nyuma huachwa icheze. Springi ikibonyea, ekseli husogea kidogo nyuma.

Pande zote zikisogea sawa, hakuna dhara. Lakini springi moja ikichoka, au senta bolti ikikatika, ekseli hukaa mshazari na lori huenda upande.

Magurudumu nayo hugeukia kwenye kingipini, vyuma vilivyoinamishwa kidogo ili usukani ujirudishe baada ya kona. Katika kona za mitaa kama ya Kings Heath, usukani usiporudi wenyewe, huenda kingipini zimekauka grisi. Zikilika na kulegea, lori hutangatanga likiwa katika mwendo.

Usukani wa haidroliki humpunguzia dereva kazi, lakini pia humficha dalili hizo.

Breki na tairi

Dereva akifunga breki, uzito huhamia mbele. Lori likivuta wakati huo tu, mara nyingi breki ya upande mmoja inashika kuliko ya pili. Kwenye mteremko mrefu, kasoro hiyo ni hatari kubwa.

Tairi la mbele likipasuka, usukani waweza kumshinda dereva. Ndiyo maana tangu Februari 1, 2021, England, Scotland na Wales zilipiga marufuku tairi zenye umri wa zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi, hata kama kashata zake bado ni nzima.

Kabla ya kufungua chuma chochote, hatua ya kwanza ni rahisi: kupima upepo wa tairi zote mbili za mbele. Tairi lenye upepo mdogo huvuta lori upande wake.