Zuia kompyuta isimalize mega zako kabla hujaitumia

Je, umewahi kuwasha kompyuta, ukaiunganisha na intaneti ya simu, halafu bando likaisha kabla hujafungua hata ukurasa mmoja? Mara nyingi si mtandao ulio mbaya. Windows huanza kupakua masasisho, na programu nyingine hupandisha mafaili na picha mtandaoni bila kukuuliza. Kwa mtu anayetegemea bando hilo kutuma fomu ya chuo au ombi la kazi, hiyo ni hasara kubwa, iwe yuko Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja.

Njia moja ya kujikinga ni skripti inayozima Wi-Fi kompyuta inapowaka. Skripti ni faili dogo la maandishi lenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe.

Kwa nini usiiweke kwenye folda ya Startup?

Folda hiyo husomwa baada ya mtu kuingia kwa nenosiri lake, na huwezi kuwa na hakika ni programu ipi itatangulia. Task Scheduler, iliyomo ndani ya Windows, inaweza kuendesha skripti kabla ya mtu yeyote kuingia.

Fuata hatua hizi

1. Tafuta Notepad, bofya kitufe cha kulia cha mausi na uchague "Run as administrator". Andika mstari huu:

netsh interface set interface name="Wi-Fi" admin=disabled

Chagua "All files", kisha hifadhi kwa jina C:\Windows\zima.bat. Tunaiweka hapo ili mtu mwingine anayetumia kompyuta hiyo asiibadilishe kwa urahisi.

2. Tengeneza faili la pili, washa.bat, lenye mstari huohuo, ila mwishoni andika enabled badala ya disabled. Liweke kwenye desktop. Ukitaka intaneti, liendeshe kwa "Run as administrator".

3. Fungua Command Prompt kwa njia hiyohiyo, kisha andika:

schtasks /create /tn ZimaWifi /tr C:\Windows\zima.bat /sc onstart /ru SYSTEM

4. Fungua Task Scheduler, bofya ZimaWifi mara mbili, nenda "Conditions". Ondoa alama kwenye "Start the task only if the computer is on AC power". Usiruke hatua hii: alama hiyo ikibaki, skripti haitafanya kazi laptopu ikiwa inatumia betri peke yake, na wengi wetu huchaji kwa sola kisha tunachomoa waya.

5. Kwenye Command Prompt andika: powercfg /h off. Amri hii huondoa uwashaji wa haraka, ambao unaweza kuifanya Windows isihesabu kwamba imeanza upya. Pia huondoa "Hibernate", kwa hiyo hifadhi kazi yako kabla betri haijaisha.

Hakikisha inafanya kazi

Zima kompyuta kabisa, iwashe, uangalie kama Wi-Fi imezimwa. Kama bado inawaka, andika netsh interface show interface uone jina halisi la Wi-Fi yako, kisha lirekebishe ndani ya mafaili yote mawili. Kumbuka: simu iliyounganishwa kwa waya wa USB huonekana kwa jina lingine, kwa hiyo skripti hii haiizuii.

Ukichoka nayo, iondoe kwa schtasks /delete /tn ZimaWifi, halafu endesha washa.bat.

Tahadhari

Skripti inayoendeshwa kama SYSTEM ina mamlaka karibu yote juu ya kompyuta. Inaweza kufuta mafaili au kuiba nakala za hati zako. Usiweke skripti uliyotumiwa na mtu kama huelewi kila mstari wake. Ukihitaji msaada, tafuta fundi unayemwamini, na ukae naye mpaka amalize.