Mlango wa Uani

Wajukuu zangu, mgonjwa wa kisukari hapa Kishapu anaweza asitie sukari kwenye chai mwezi mzima, na bado kipimo cha sukari kikapanda. Mnashangaa? Ugali wa mtama, viazi vitamu, hata michembe, viazi vilivyokaushwa mnavyotafuna kiangazi, vyote vikishafika tumboni vinageuka sukari na kuingia kwenye damu.

Sukari hiyo inatakiwa iingie kwenye misuli ikatumike. Bawabu wa mlango wa mbele ni insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Kwa mgonjwa, bawabu huyo hayupo, au anabisha hodi na misuli haimsikii. Basi sukari inarundikana kwenye damu.

Sasa sikilizeni utamu wenyewe: msuli una mlango wa uani! Si mmewaona wacheza ngoma ya bugobogobo wakirusha majembe juu na kuyadaka, ngoma ikizidi kukolea? Kila paja linapokaza na kulegea, vibebeo vidogo mno vya sukari vilivyojificha ndani ya msuli vinapanda hadi ukingoni, vinaivuta sukari ndani bila kuingoja insulini. Na ngoma ikiisha, msuli unabaki msikivu kwa insulini kwa saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, hata za kutembea kwa haraka. Ila kuzimaliza zote Jumapili, kisha kukaa hadi Jumapili nyingine, hakumfai mgonjwa.

Miaka ya 1980, Dkt. Donald McLarty na wenzake walipima watu katika vijiji vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika 100. Wanavijiji wa enzi hizo walilima kwa jembe la mkono na kufuata maji kwa miguu. Leo hata kwenda mjini Mhunze ni bodaboda. Siwalaumu, nami napanda.

Mazoezi hayafuti dawa, na mgonjwa asitembee peku kwenye miiba yetu, kidonda chake hakiponi upesi. Anayejichoma insulini asiende shamba na njaa. Mkimwona anatetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki, msimcheke: sukari imeshuka. Mpeni haraka maji yaliyokorogwa sukari. Akizimia, msimmiminie chochote mdomoni. Waiteni wakubwa wamkimbize kituo cha afya.